Barua ya wazi kwa wakubwa wa chekechea na wenye maduka hapa Mombasa: mtoto kashika namba moja kwa hesabu, mkampa visufuria

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa kila atakayeisoma.

Barua hii nawaandikia nyinyi wa idara ya elimu pale kaunti mnaosimamia chekechea, na walimu wakuu wa chekechea zote za mji huu, za serikali na za binafsi, na pia nyinyi wafanyibiashara mnaotuletea vitu vya kuchezea watoto kwa kontena. Mie ni mama wa watoto wawili, wa kwanza wa kike ana miaka 6, mdogo wake wa kiume ana miaka 3, twakaa Likoni na nina meza ya vitu vya kuchezea watoto Mwembe Tayari, huu mwaka wa saba. Kwa hivo haya ntakayosema nayaona pande zote mbili, kama mzazi na kama muuzaji.

Naanza na kilichonifanya nishike simu niandike. Mwaka jana mwishoni shule ya binti yangu walifanya siku ya kufunga mwaka, watoto wa PP2, yaani mwaka wa mwisho wa chekechea, waagwa wakaanze gredi wani, wamevalishwa vile vijoho vidogo na kofia za pembe, wazazi tumejaa kwa mahema, mziki juu. Ikafika zamu ya zawadi. Ticha akashika maiki akasema hesabu, namba moja, akataja jina la mwanangu. Nlipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka wallahi. Akaenda mbele akapewa boksi limefungwa kwa karatasi ya kumetameta akarudi nalo amelikumbatia kifuani. Namba mbili akaitwa, mvulana, rafikiye wanayekaa meza moja, naye akapewa lake. Wakaenda wakakaa chini ya mwarobaini wakafungua pamoja. La mwanangu lilikuwa seti ya jikoni, visufuria vitatu, jiko la plastiki la pinki, upawa na vijiko. La mwenzake lilikuwa bloki za kujengea, vipande mia moja, na juu ya boksi pamechorwa winchi kama zile za bandarini.

Mwanangu alinyamaza. Akaliangalia boksi lake, akaliangalia la mwenzake, alafu akaniuliza, mama, kwani mimi nilikuwa namba moja ya kupika?

Sikuwa na jibu. Nlimwambia tu njoo tukapige picha.

Na mjue mtoto huyu hesabu kajifunzia wapi. Sie twavuka feri kila asubuhi, na meli kubwa ikiwa yapita ule mkondo wa kuingia bandari ya Kilindini feri huwa yangoja, watu wakasonya wamechelewa kazini, yeye ndo raha yake. Ahesabu makontena. Nyekundu ngapi, bluu ngapi, yale ya rangi ya kutu ngapi, akipotea aanza tena kutoka mwanzo na kunikataza nisimsemeshe. Kuna siku alifika 104 kabla meli haijapotea machoni. Nyumbani achukua maboksi ya dawa ya meno na vibiriti vitupu ayapanga kwa safu, achora laini chini kwa chaki, hiyo bahari, hapa gati. Alishanambia ataka kuendesha winchi. Sasa mtoto ambaye hesabu kazifuata mwenyewe mpaka baharini, siku watu wazima wamesimama mbele ya watu kumwambia hongera kwa hesabu, wakampa jiko.

Nlimfuata ticha baadaye, kwa heshima, nikamuuliza. Akanijibu kwa upole, mama, hatukuwa na nia mbaya, tulienda dukani tukanunua za wasichana hizi na za wavulana zile, tukafunga. Namuamini kabisa. Ni mwalimu mzuri, amemfunza mwanangu kusoma, namuombea dua. Hakuna aliyekaa akapanga kumvunja mtoto moyo, na ndo maana siandiki kumshtaki mtu wala kutaja shule. Nawaandikia nyinyi wa juu manake nimeuza vitu hivi miaka yote na najua shule ile si peke yake, mwisho wa mwaka waja kwangu walimu wa shule mbalimbali na orodha, na orodha zote zimegawanywa vivo hivo, wasichana upande huu wavulana upande ule. Nlikuwa nawafungia nafurahi nimeuza. Mpaka boksi lilipofunguliwa na mtoto wangu mwenyewe.

Wakubwa, hebu tuongee kuhusu umri. Kuna utafiti ulitoka 2017 kwenye jarida la Science, wataalamu wa Marekani walichukua watoto wa miaka 5, 6 na 7 wakawahadithia habari za mtu mmoja mwerevu sana sana, hawakusema ni mwanamke wala mwanamume, alafu wakawaonyesha picha wachague ni nani wanamdhani ndiye. Wale wa miaka 5, wasichana wengi walichagua mwanamke na wavulana wengi wakachagua mwanamume, ajiona yeye. Kufika miaka 6 na 7 wasichana wakawa wamepungua kumchagua mwanamke. Na walipoletewa mchezo wakaambiwa huu ni wa watoto werevu sana, wasichana wa miaka 6 na 7 hawakuutamani kama wavulana. Mchezo ni mpya, hakuna aliyewahi kuucheza akashindwa. Najua ni watoto wa Marekani, si wa Likoni wala Mishomoroni, lakini angalieni hiyo miaka. Mtoto wa 4 na 5 yuko PP1 na PP2. Kwa Katiba yetu ya 2010, jedwali la nne, chekechea ni kazi ya kaunti. Yaani ile miaka miwili kabla msichana hajaanza kujitoa mwenyewe kwenye hesabu ya werevu iko mikononi mwenu nyinyi, si ya Nairobi, si ya mtu mwengine. Akishafika gredi wani tayari amebeba alichobeba.

Ndo maana kwangu zawadi ile haikuwa jambo dogo, ingawa watu wa nyumbani waliniambia wacha maneno, kitu cha bure hakisemwi. Mwaka 1992 kampuni ya Mattel kule Marekani ilitoa Barbie wa kuongea, ukimbonyeza asema maneno, na moja ya maneno aliyotiwa ni kwamba somo la hesabu ni gumu. Chama cha wanawake waliosoma vyuo vikuu kikalalamika na kampuni ikalitoa neno hilo. Visufuria vya mwanangu havina betri wala havisemi, lakini alivyoniuliza lile swali lake nlijua kuna kitu vimemwambia.

Na sisemi kupika ni kitu kibaya, msije mkanielewa vibaya kwa hapo. Mie mwenyewe napika, yeye mwenyewe apenda kusukuma chapati na mimi jioni na zake zatoka duara kuliko za babake. Seti ya jikoni nauza na ntaendelea kuuza. Ninachosema ni kwamba mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, apewe jiko kwa sababu apenda kupika, na apewe bloki kwa sababu apenda kujenga, na aliyeshinda hesabu apewe kitu cha hesabu. Ni vigumu wapi hapo?

Nimekaa nikaenda kuangalia darasa lenyewe pia, mzazi ana haki. Kuna kona mbili za kuchezea. Kona ya nyumbani ina mkeka, madoli, vikombe na kijifagio, kona ya ujenzi ina bloki, magari, na vifuniko vya soda vya kuhesabia ambavyo tulitumwa sie wazazi tukaokota. Hakuna mtu ameandika ukutani wasichana huku wavulana kule. Lakini saa ya kucheza ikifika ticha akasema haya, wasichana kwenye mkeka, wavulana chukueni bloki, na watoto washazoea wanatawanyika kabla hajamaliza. Nlisimama mlangoni kama nusu saa hivi. Kwenye bloki mtoto aweka cha nne juu, chaanguka, aangalia, apanua chini, ajaribu tena, mwenziwe amwambia weka kubwa chini, wanabishana, wahesabu. Hiyo ni hesabu na ni uhandisi, hakuna kalamu wala daftari, na nusu ya darasa haikuigusa siku hiyo. Na kwenye mkeka nako kuna elimu, mtoto ambembeleza mwana, amfunika, aongea naye kwa upole, agawa chai watu wote wapate, na nusu nyengine ya darasa haikuipata hiyo nayo.

Na hapa nataka nikae kidogo kwa wavulana, manake watu wakisikia mambo haya wadhani ni ya wasichana peke yao.

Kabla ya Idd iliyopita alikuja mtoto wa kiume pale mezani kwangu na nyanyake, mama mtu mzima amevaa buibui, anangoja matatu na mzigo wake wa Marikiti. Mtoto wa miaka 3 hivi, rika la wangu. Akanyoosha mkono akachukua doli, yule mdogo wa kitambaa, akamweka begani, kichwa kimelala vizuri, akaanza kumpigapiga mgongo taratibu. Mama yeyote ajua kile ni nini, ni kumbeuza mtoto ameshiba maziwa. Bila shaka nyumbani kuna kachanga na yeye aangalia mamake akifanya. Alikuwa ameshika shingo ya doli kwa ule mkono mwengine isije ikaanguka, na hilo hata watu wazima wengine huwa hawajui. Nyanyake akamnyang'anya, weka hiyo, wataka kuwa msichana wewe? Watu wa jirani wakacheka. Mtoto akabaki mikono juu vilevile, haelewi amekosa nini. Alafu nyanyake akaniuliza bunduki ile bei gani. Nikamwambia shilingi 150. Akalipa, akampa mtoto bunduki, matatu ikaja.

Mie ndo nliyeuza. Zile pesa nlizishika nikaziona nzito.

Sikumlaumu yule mama mtu mzima wala simlaumu sasa, ampenda mjukuu wake, amwogopea kuchekwa. Na kuchekwa kupo kweli. Mwaka 2021 kampuni ya LEGO, hao wa zile bloki, ilifanya uchunguzi na taasisi ya Geena Davis, hao wa Marekani wanaochunguza mambo ya jinsia, kwa wazazi na watoto wa nchi 7, ikapatikana kwamba kati ya wavulana 100, 71 waogopa kuchekwa wakichezea kitu kinachoitwa cha wasichana. Kwa wasichana walikuwa 42. Yaani mvulana ndo amefungwa zaidi, na twamfunga sisi kwa kicheko kile cha pale mezani. LEGO wakasema tangu hapo watafanya kazi ya kuondoa hayo mambo ya huyu na yule kwenye bidhaa zao. Alafu sisi huku mtoto akishakua ameoa, mkewe amejifungua, twauliza mbona hamshiki mtoto wake, mbona mkewe yuwaumwa naye amekaa barazani. Si tulimnyang'anya?

Na kinachonishangaza zaidi ni kwamba tukitazama mji wetu wenyewe hizi habari za kazi ya kike na kazi ya kiume hata sio za kweli. Harusi ikiwa kubwa hapa Mombasa biriani apika nani? Mpishi mwanamume na vijana wake, masufuria ya kuingia mtu, na wote twala twalamba vidole na hakuna aliyewahi kumuuliza kama yeye ni msichana. Mishkaki jioni wachoma wanaume. Kahawa na halua, wanaume. Nenda Biashara Street kwa mafundi cherehani uone nani ashona magauni na mapazia, ni wazee wa kiume wameshika uzi na sindano tangu ujana na wamesomesha watoto kwa hiyo sindano. Na upande wa pili, ukisikiliza wazee wakisimulia asili ya mji huu wasema kabla ya Shehe Mvita mtawala wa hapa alikuwa Mwana Mkisi, mwanamke. Na zile meli za mwanangu, za pale kwenye feri, haziingii bandarini peke yake, kuna rubani wa meli anayepanda kuiongoza kwenye mkondo, na rubani wa meli wa kwanza mwanamke Kenya, Kapteni Elizabeth Marami, kazi hiyo aliifanya hapahapa Kilindini. Nlimwonyesha binti yangu picha yake kwa simu. Akaniuliza alikuwa na doli akiwa mdogo? Nikamwambia sijui mama, pengine alikuwa na doli na mashua zote mbili.

Najua kuna watakaosema hizi ni fikra za kizungu zaja kuharibu dini na mila. Nawajibu kwa adabu. Kwenye hadithi iliyoko katika Abu Daud, Bi Aisha radhi za Allah ziwe juu yake alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, wana wa bandia, na katikati yao farasi ana mbawa mbili za vitambaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza hiki ni nini, akasema farasi, akamuuliza farasi ana mbawa? Akamjibu kwani hukusikia Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka mpaka magego yakaonekana. Hakumwambia weka hicho si cha wasichana. Na Bi Aisha huyohuyo alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, ukifika wakati wa swala hutoka, iko katika Bukhari. Sasa mvulana wa Kisauni akishika kijiko cha plastiki mila gani imevunjika? Hakuna anayetaka kumgeuza mvulana awe msichana wala msichana awe mvulana. Doli halimgeuzi mtu. Linamfunza kushika mtoto.

Sasa nyinyi ndugu zangu wafanyibiashara, waagizaji na wenye maduka makubwa, hapa twajuana, msinikasirikie. Mzigo ni uleule. Seti ya daktari nachukua kwa holsela katoni mbili, moja bluu ina picha ya mvulana amevaa koti jeupe, moja pinki ina picha ya msichana amevaa kofia ya nesi. Fungua ndani, kile kidude cha kusikilizia moyo ni kilekile, sindano ileile, kipimajoto kilekile, tofauti ni rangi ya plastiki. Na mie najua na nyinyi mwajua kwa nini, manake mzazi mwenye watoto wawili kama mimi atanunua mara mbili. Binti yangu alinunuliwa baiskeli ya magurudumu matatu, ya pinki, akaipita umri ikiwa nzima kabisa, hata kengele yalia. Nikampa mdogo wake. Akaipanda wiki moja akifurahi, watoto wa jirani wakamwambia wapanda baiskeli ya kike, hajaigusa tena, imelala ukutani. Kununua nyengine sina hizo pesa na hata ningekuwa nazo ni kwa nini? Gurudumu ni gurudumu. Rangi yenyewe haina asili ya hayo, kule Ulaya na Marekani zamani watoto wa kike kwa wa kiume walivishwa magauni meupe tu, haya ya pinki na bluu yamekuja baadaye na biashara ikayashikilia.

Wenzetu kwengine wameanza kubadilisha na maduka hayakufungwa. Uingereza mwaka 2012 wazazi walianzisha kampeni ya Let Toys Be Toys wakayaomba maduka yatoe vibao vya wavulana na wasichana, na mengi yakatoa. Jimbo la California likapitisha sheria 2021, ikaanza kufanya kazi 2024, duka kubwa lenye wafanyakazi 500 na zaidi likiuza vitu vya watoto ni lazima liwe na sehemu ya kuwekea vitu hivyo bila kugawa jinsia. Sisemi mtufanyie sheria, nasema toeni tu vile vibao, na mkipanga shelfu pangeni kwa umri na kwa aina, vya kujengea hapa, vya kupikia hapa, magari hapa, madoli hapa. Mie nimeshafanya kwa meza yangu tangu Idd ile. Zamani mtu akisimama neno langu la kwanza lilikuwa, wa kike au wa kiume? Sasa nauliza ana miaka mingapi na apenda nini, basi. Wengi husimama wakafikiria, wengine wasema ngoja nimpigie mamake nimuulize, na wengi hurudi na jibu ambalo nisingelibahatisha, apenda kufungua vitu, apenda maji, apenda kuimba. Biashara haijashuka. Seti za jikoni zile za rangi ya manjano na kijani zaisha haraka kuliko za pinki manake mzazi wa mvulana anunua bila wasiwasi. Mkiniletea za rangi hizo nyingi ntachukua.

Na nyinyi wa kaunti ninachoomba hakihitaji bajeti mpya. Mnanunua vifaa vya chekechea za umma, basi vinaponunuliwa visiandikwe vya wasichana na vya wavulana, viandikwe vya darasa. Walimu mnawaita semina kila mara kuhusu mtaala wa umilisi, kwenye semina hizo wekeni saa moja ya jambo hili, mwalimu aangalie kona zake mwenyewe aone nani anachezea nini na awe anawabadilisha, leo kundi hili kwenye bloki kesho kwenye mkeka, mchanganyiko, si kwa kulazimisha mtoto bali kwa kumfungulia mlango. Zawadi za mwisho wa mwaka zifuate alichoshinda mtoto. Ameshinda hesabu apewe cha kuhesabu, ameshinda kuchora apewe rangi, ameshinda usafi au upole apewe hata doli, awe mvulana. Na mtoto akichekwa darasani kwa alichochagua, mwalimu asinyamaze, aseme neno moja tu, hapa kila mtu achezea anachopenda. Watoto wa miaka 4 wamsikia mwalimu kuliko wanavyotusikia sie. Tena Katiba yetu kifungu cha 27 chasema wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa na kupata nafasi sawa, sasa nafasi hiyo itaanzia wapi kama haitaanzia kwa mkeka wa PP1?

Nimesahau kuwaambia vile visufuria vimefikia wapi. Havikutupwa. Baada ya wiki mbili hivi nlirudi kutoka kazini nikakuta binti yangu amefunga uzi kwenye rula, rula ameisimamisha na vitabu juu ya kiti, na mwisho wa uzi amening'iniza kisufuria kwa mkono wake, ndani ametia punje za maharagwe, ashusha polepole kwenye boksi la viatu ambalo ndo meli. Mdogo wake amekaa chini ndani ya gati ya chaki, doli la dadake amelibana kwapani, kazi yake ni kupokea maharagwe na kuyapika kwenye lile jiko la pinki, awapikie mabaharia. Hakuna aliyewafundisha. Nlisimama mlangoni na mkoba begani sikutaka kuingia niwaharibie.

Lakini uzi ulikuwa wakatika, na rula yaanguka, na yeye ni hodari wa kutosha kupewa kitu kinachosimama.

Nimewaambia walimu wanaonunua kwangu kwamba mwaka huu shule yoyote ikija na orodha iliyoandikwa alichoshinda mtoto badala ya wa kike na wa kiume, ntawauzia kwa bei ya holsela na kufunga nafunga mwenyewe bure. Wa idara, mkitaka kuja kuangalia vitu vyenyewe karibuni mezani, niko kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Orodha za zawadi huanza kuletwa mwezi wa tisa, kwa hivo waraka wenu kwa shule ukiwa utatoka naomba utoke kabla ya hapo.

Wenu,
Mama muuza vitu vya watoto, Mwembe Tayari